Majina ya Matabaka katika Michoro ya Kompyuta: Uhakiki wa Desturi ya Kuyasafisha

Mkuyuni ni kata ya Jiji la Mwanza, upande wa kusini wa kitovu cha mji, penye njia iendayo Shinyanga. Nchi yake ni ya namna ile ile ya Mwanza yote: mawe makubwa ya matale yamesimama vilimani, nyumba zimejibana baina ya jabali na jabali, na chini yake ni ziwa. Jina lake halihitaji mganga wa kulifumbua. Ni mkuyu, pamoja na ile -ni ya mahali. Mti ulioipa nchi jina waweza kukatwa, na mahali pake pakajengwa duka, lakini jina lingali likishuhudia. Habari hiyo ndogo yafaa kutangulia, maana jambo litakalochunguzwa hapa ni majina yanayotiwa ndani ya michoro ya nchi kama hiyo, na yanayofutwa humo kila siku na watu wasiokusudia ubaya wowote.

Mchoro wa mtaa mmoja wa Mkuyuni hauchorwi na mtu mmoja. Mpima ardhi huleta mipaka na bikoni zake. Msanifu majengo huleta kuta na paa. Mhandisi huleta mabomba, chemba na mifereji. Mtu wa umeme huleta nguzo na nyaya. Kila mmoja ana programu yake aliyoizoea: huyu AutoCAD, yule ArchiCAD, mwingine MicroStation, mwingine QGIS. Michoro hiyo yote hukutana mwishowe katika kompyuta moja, na kila mmoja hufika na matabaka yake. Zamani mchoraji alichora juu ya karatasi zinazopenya nuru, akazipandanisha, ya maji juu ya ya kuta, ya umeme juu ya ya maji, akaweza kuondoa moja pasipo kuziharibu nyingine. Kompyuta imeiga kazi hiyo. Kila mstari una tabaka lake, na kila tabaka lina jina. Akizima jina, mistari yote iliyo chini ya jina hilo hutoweka machoni.

Neno lenyewe lina ubishi wake. Katika vyumba vya uchoraji lasikika leya. Katika maandishi lapendelewa tabaka. Tabaka ni neno lenye asili ya Kiarabu, limezoewa tangu zamani kwa kitu kilichopangwa juu ya kingine, ingawa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililemewa mno na maana ya daraja la watu, hata mwanafunzi akiamriwa afute tabaka la juu huenda akatabasamu. Hata hivyo neno hilo latosha, na hapa litatumika.

Sasa, michoro ikiletwa kutoka programu moja kwenda nyingine, majina hufika yamevurugika. Desturi ya wachoraji ni kuyasafisha kabla ya kuanza kazi: majina marefu hufupishwa, yaliyofanana huunganishwa, yasiyofahamika hufutwa, na yaliyobaki hupewa sura moja. Kazi hii huhesabiwa kuwa ya mtumishi mdogo, kama kufagia ua asubuhi. Hapo ndipo penye kosa. Kusafisha majina ni kazi ya mfasiri na ya mhariri wa maandiko ya kale, wala si ya mfagiaji. Na aifanyaye pasipo kujua hivyo hutupa habari ambazo hazimo mahali pengine popote katika mchoro.

Yapasa kwanza kutazama uchafu wenyewe watoka wapi, maana si wa aina moja. Uko uchafu wa kweli, uliozaliwa na mashine. Mchoro mmoja ukifungwa ndani ya mwingine katika AutoCAD, jina la faili huunganishwa na jina la tabaka kwa alama za dola na sifuri baina yake, hata likatoka jina kama NYUMBA$0$UKUTA. Na ukifungwa tena ndani ya wa tatu, jina huongezewa kilemba kingine. MicroStation ya kabla ya mwaka 2001 ilitambua matabaka kwa namba, tangu 1 hata 63, na aliyezihamisha aliweza kupata orodha ya tarakimu zisizosema neno. Kisha kuna uchafu wa herufi. Faili za DXF za kabla ya toleo la mwaka 2007 ziliandikwa kwa mpango wa herufi wa nchi ya mchoraji. Kwa hiyo mchoro uliotengenezwa China kwa majina ya Kichina, ukifunguliwa Mwanza katika mashine isiyojua mpango huo, waweza kuonyesha alama za kuuliza na vijiherufi visivyosomeka katika lugha yoyote ya wanadamu. Kwa jiji hili si jambo la mbali: daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lilijengwa na makampuni ya Kichina, na reli mpya ya Mwanza na Isaka imekabidhiwa mikono hiyo hiyo. Ufukwe huu wa ziwa utaendelea kupokea michoro iliyoanza safari yake katika lugha nyingine.

Lakini pamoja na uchafu huo wamo mashahidi waliovaa matambara, na mfagiaji hawatofautishi. Tuseme tabaka limeitwa BIKONI_ARC60. Mfagiaji huona mkia usio na maana, akaukata, likabaki BIKONI. Kumbe mkia ule ulikuwa ukisema kwamba vipimo vile vilichukuliwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960, wala si kwa WGS84 utumiwao na vyombo vya setilaiti. Na baina ya mifumo hiyo miwili, katika nchi hizi, pana tofauti ya mamia ya mita. Kiwanja cha Mkuyuni kikihamishwa kiasi hicho chaweza kuangukia ziwani, na hapo kosa litajulikana mara moja. Balaa ni pale kinapoangukia juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Au tuchukue jina A-WALL-D. Herufi ile ya mwisho, kwa kanuni ya Kimarekani, yaonyesha ukuta wa kubomolewa. Ikikatwa kwa ajili ya usafi, ukuta unaovunjwa na ukuta unaobaki huwa kitu kimoja, na fundi atafuata mchoro.

Mfano wa tatu ni wa Mwanza hasa, na ndio unaostahili kukaliwa zaidi. Kanuni nyingi za kigeni hutia sura ya nchi yote, vilima na mabonde na mawe, katika tabaka moja liitwalo C-TOPO. Katika nchi tambarare hilo halina dhara. Katika Mwanza mwamba si pambo la ardhi. Ndio unaoamua nyumba isimame wapi, shimo la choo lichimbwe au lisichimbwe, na bomba lipite upande gani. Mchoraji wa hapa, akiachwa aandike kwa lugha yake, aghalabu ataweka MWAMBA mbali na JIWE, maana jiwe hupasuliwa na kuondoshwa, bali mwamba huzungukwa. Mistari ya MWAMBA ikimwagwa ndani ya C-TOPO pamoja na mistari ya mwinuko, mtu aliye mbali hataweza tena kuitenga. Atachora bomba lililonyooka, na wachimbaji wa mtaro watakutana na jabali. Lugha ilikuwa imekwisha kulijua jambo, usafishaji ulilisahau.

Kanuni hizo za kigeni hazikutungwa kwa ujinga, na si haki kuzidharau. Chama cha Wasanifu Majengo cha Marekani kilitoa mwongozo wake wa majina ya matabaka mwaka 1990: herufi ya kwanza hutaja fani, kisha kikafuata kifungu cha herufi nne kinachotaja kitu, na vingine vinavyofafanua. Shirika la kimataifa la viwango likatoa ISO 13567 mwaka 1998, likairekebisha 2017. Humo herufi mbili za mwanzo ni za mwenye kazi, sita ni za kitu, mbili ni za namna ya kukionyesha, na nyingine za hiari zaweza kufuata. Faida yake ni kubwa. Watu wasiojuana waweza kupeana michoro wakaelewana. Revit, ambayo ndani yake haina matabaka kabisa bali ina aina za vitu, huweza kutoa mchoro wenye matabaka kwa sababu tu orodha ya namna hiyo ipo ya kufuatwa.

Ila kanuni hizo zimejengwa juu ya tabia moja ya Kiingereza ambayo watungaji wake, yamkini, hawakuona haja ya kuitaja: neno la Kiingereza hubeba maana yake mwanzoni. Ukikata mkia, kichwa hubaki. WALL ni ukuta, DOOR ni mlango, na WATR, ijapokuwa imepoteza herufi, bado yasomeka kuwa maji. Kiswahili hutanguliza kiambishi cha ngeli, na shina hufuata. Kwa hiyo kata ya herufi nne huacha kiambishi na kuua shina. MILANGO huwa MILA, na msomaji akadhani ni desturi za wazee. BARABARA huwa BARA, kana kwamba mchoraji yuko Unguja akitazama ng'ambo. MIPAKA huwa MIPA, MADIRISHA huwa MADI, na maneno hayo si maneno. KUTA peke yake hutoka salama, ila katika orodha ya herufi umoja wake, UKUTA, hukaa mbali nayo kabisa, na mchoraji mwenye haraka huunda matabaka mawili ya kitu kimoja bila kutambua.

Hayo yangali ya kuchekesha. Lisilochekesha ni MAJI. Kwa Kiingereza bomba la maji safi na bomba la maji taka yana majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Kanuni ya Kimarekani huandika C-WATR na C-SSWR. Kwa Kiswahili yote mawili ni maji, na tofauti imo katika neno la pili. Msafishaji aliyepanga kompyuta ikate kila jina katika herufi ya nne atapata MAJI na MAJI, na programu, ikiambiwa iunganishe yanayofanana, itatii. Baada ya kuunganishwa, mistari yote hupata rangi moja, na hakuna amri ya kuitenganisha ila kurudia faili la kwanza, kama bado lipo. Yakumbukwe kuwa penye miamba mabomba yote hutafuta upenyo ule ule. Safi na taka hupita jirani, katika mtaro mwembamba baina ya mawe mawili. Hapo ndipo mchoro unapohitajiwa kusema lipi ni lipi.

Lawama hii yaangukia kata, wala haiangukii lugha. Kwa upande mwingine Kiswahili kimebarikiwa jambo ambalo wenye kanuni walilazimika kulitengeneza kwa nguvu. Mwingereza husema la nje kwanza na ukuta baadaye, na ili apate jina la tabaka lililo sawa, lianzalo na kitu na kumalizikia kwa sifa, hana budi kupindua maneno yake. Mswahili hapindui neno. Ukuta wa nje ni UKUTA-NJE, mlango wa chuma ni MLANGO-CHUMA, maji safi ya mvua ni maji kwanza, kisha mengine yote. Mpangilio wa lugha yenyewe, kitu kisha sifa zake, ndio mpangilio ambao ISO 13567 ilihitaji kurasa nyingi kuueleza. Orodha ya matabaka ya Kiswahili yenye maneno mazima hujipanga yenyewe: MAJI-MVUA, MAJI-SAFI, MAJI-TAKA hukaa pamoja kama ndugu, kila mmoja na jina lake. Kinachotakiwa ni mambo mawili tu: umoja utumike daima badala ya wingi, na neno lisikatwe. Sababu ya kukata ilikwisha kuondoka zamani. Majina yalikuwa na mpaka wa herufi 31 katika AutoCAD za kabla ya toleo la 2000. Tangu toleo hilo ni 255, na hakuna tabaka la Kiswahili litakalozihitaji zote.

Mpaka ule wa zamani uliacha jeraha jingine ambalo halijapona. Hapo kabla jina halikupokea ila herufi, tarakimu, alama ya dola, kistari na kistari cha chini. Kwa Mwingereza huo ulikuwa udhia mdogo. Kwa Mswahili uling'oa ritifaa. Na mpaka leo wako wasafishaji ambao programu zao ndogo hufuta kila alama isiyo herufi wala tarakimu, kwa mazoea tu. Mchoraji akiandika MTI-KUNG'OA, kwa miti itakayoondolewa kabla ya kujenga, hurudishiwa MTI-KUNGOA, na ngoa ni wivu au tamaa. Hapo maana yaweza kukisiwa. Lakini katika nchi ya Wasukuma, ambako majina mengi ya mahali na ya watu huanza na Ng'wa-, ritifaa ni sehemu ya jina la mtu, na mtu hajui kukisia jina la mwenzake. Jiji lenyewe ni mfano: Wasukuma husema Ng'wanza, ramani za Wajerumani ziliandika Muansa, na maandishi ya zama za Waingereza yakashika Mwanza. Umbo la tatu ndilo lililosimama, na hapana anayedai libadilishwe. Lakini mchunguzi atafutaye hati za kabla ya mwaka 1916 asipojua kwamba Muansa ni Mwanza atarudi mikono mitupu.

Wanafunzi wa Kiswahili wamekwisha kuipitia njia hii katika kazi yao wenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikabidhiwa kazi ya usafi: maumbo mengi yapatikane kuwa moja, tahajia moja, Kiunguja kiwe msingi. Kamusi lililohaririwa na Frederick Johnson likatoka 1939, na shule za nchi nne zikapata kitu cha kushika. Katika mwaka uo huo likaanza kutolewa Paris kamusi la Charles Sacleux, ambalo liliyahifadhi maumbo ya lahaja na kutaja kila moja lasemwa wapi. La kwanza lafaa kwa mwalimu mwenye darasa. La pili ndilo hutafutwa na mchunguzi anapokutana na neno la Kimtang'ata au Kimrima lisilo katika usanifu. Hakuna mwenye akili atakayetaka achague moja na kulichoma jingine. Bali msafishaji wa matabaka, kila afutapo jina la zamani bila kuliandika mahali, hulichoma la Sacleux akabaki na la Johnson.

Dawa yake si ngumu, na chombo kimo tayari ndani ya programu. AutoCAD yenyewe ina njia ya kufasiri matabaka: upande mmoja huwekwa majina yaliyokuja, upande wa pili majina yanayotakiwa, na jedwali la jozi hizo huweza kuhifadhiwa katika faili likatumiwa tena. Wengi hulitumia jedwali na kulitupa. Jedwali hilo ni kamusi ya lugha mbili, tena ndiyo thamani ya kazi yote. Lapasa kusafiri pamoja na mchoro, likiwa na safu ya tatu yenye maelezo ya kila kilichokatwa: mfumo wa vipimo, hali ya kubomolewa, jina la aliyechora kwanza. Jina lisilofahamika lisifutwe siku hiyo. Lihamishiwe upande, lenye alama, mpaka apatikane wa kulijua. Jina la Kichina lililogeuka alama za kuuliza laweza kurudi kuwa neno likifunguliwa kwa mpango wake wa herufi; likisha kufutwa halirudi.

Lakini lawama isiishie kwa wenye kompyuta. Wako na wapenzi wa lugha ambao, wakipewa orodha ya matabaka wairekebishe, huleta istilahi zilizobuniwa mezani, ambazo fundi wa Mkuyuni hajapata kuzisikia. Fundi ana maneno yake: nondo, zege, jamvi, kenchi, papi, chemba. Baadhi yana asili ya mbali na mengine hayamo katika kila kamusi, ila yote yana mwili na ngeli, na kila anayejenga ayajua. Tabaka liitwalo CHEMBA litasomwa sawasawa na mhandisi, na fundi, na mwenye nyumba. Likibadilishwa kwa neno zuri lisilotumiwa na mtu, mchoro utakuwa umesafishwa kwa mara ya pili, na mara hii na wale wanaojiita walinzi wake.

Limebaki tabaka moja ambalo halisafishiki, nalo ni lile la kwanza. Kila mchoro wa AutoCAD huzaliwa na tabaka liitwalo 0, ambalo programu hairuhusu kulifuta wala kulibadili jina. Wasafishaji wengi hulichukia, wakaamuru kila kilichomo kihamishwe. Hawajui tabia yake. Mistari iliyochorwa juu ya sifuri ndani ya kipande cha mchoro, kama mlango uliochorwa mara moja ili urudiwe katika nyumba nzima, haina rangi yake wala makazi yake; kipande kikiwekwa juu ya tabaka la MLANGO, mistari hiyo huwa ya MLANGO, na kikiwekwa juu ya MLANGO-CHUMA huwa ya chuma. Ni kama kivumishi kisicho na kiambishi, kinachongoja nomino ikipe upatanisho. Aliyeihamisha kwa ajili ya usafi na kuipeleka A-DOOR amekifunga kwa ngeli moja. Tabaka la MLANGO likizimwa, kuta zitaonyesha nafasi tupu kwa milango mingine, na ile iliyosafishwa itabaki ikionekana.